Kusoma Maji ya Lualaba Wakati wa Kiangazi

Kutazama vyombo vya mtoni ni kazi ya macho kwanza, starehe baadaye. Kwenye kipande cha mto Lualaba kinachopita karibu na Kasongo, kusini mwa mkoa wa Maniema, kazi hiyo ina msimu wake: miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika, usiku umepoa, na mto unapungua siku hata siku mpaka mawe na mafungu ya mchanga yanatokeza. Mvuvi anayeanika nyavu, mchuuzi anayesubiri mizigo yake, mama mwenye vikapu anayetaka kuvuka, mtoto aliyetumwa kuchota maji akakawia, wote hutazama. Kati yao wapo wachache ambao, chombo kikiwa bado doa jeusi kwenye maji ya mbali, hueleza kama kimebeba mzigo au ni kitupu, kinaendeshwa na mtu mzoefu au mgeni, na kama kitafika kabla ya jua kuzama. Hao ndio mafundi. Ufundi wao una tofauti moja kubwa na ule wa wapenzi wa meli katika bandari za Ulaya na Amerika. Kule hutazamwa meli. Lualabani hutazamwa maji, na chombo husomwa kwa jinsi kinavyoyajibu.

Sababu iko katika mto wenyewe. Lualaba ndio mto Kongo wa juu, hadi kwenye maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, na katika safari yote hiyo hupitika kwa vipande tu. Kutoka Bukama hadi Kongolo, katika mkoa wa zamani wa Katanga, kuna kipande kirefu cha kilomita 640 hivi. Chini ya Kongolo mto hubanwa na korongo ambalo Wabelgiji waliliita Milango ya Jehanamu, na hapo hakuna boti inayopita. Kutoka Kasongo hadi Kibombo maji hutulia tena kwa kilomita 100 hivi, kisha yanakuja mawe mengine. Na kutoka Kindu hadi Ubundu njia hufunguka kwa kilomita 300 na kitu. Kwa hiyo chombo kinachofanya kazi Kasongo hakitoki baharini wala hakiendi baharini. Kimechongwa hapa au kimeletwa hapa kwa shida, na mara nyingi huzeekea hapahapa. Mtazamaji wa Hamburg huona meli asiyoijua kila siku, na huenda asiione tena maishani; wa Kasongo huviona vyombo vilevile mwaka nenda mwaka rudi. Hana haja ya daftari la majina. Anachokariri ni tabia ya kila chombo, na tabia haionekani bila maji.

Mji wa Kasongo hauko ukingoni. Umejengwa ndani kidogo, upande wa mashariki, na mtu huufuata mto hadi Kasongo-Rive au hadi Nyangwe, ambapo zamani palikuwa na soko lililojulikana hadi Ujiji na Unguja. Sehemu hii ya mkoa ni ya mpakani: msitu mkubwa wa kaskazini huishia, na nyika za kusini huanza. Hali hiyo humfaa mtazamaji. Msituni ukingo wa mto hufungwa na miti, macho hayafiki mbali. Kusini mwa Maniema kuna miinuko yenye nyasi ambapo mtu akisimama anauona mto ukipinda mara mbili au tatu, pamoja na visiwa vyake.

Kiangazi cha mbinguni na kiangazi cha mtoni havianzi pamoja, na kutoelewa jambo hili ndiko kunakomtambulisha mgeni. Mvua hupungua Kasongo kuanzia Mei, lakini mwezi huo Lualaba bado umejaa. Maji yake hutoka mbali, nayo hayana haraka: hupita kwanza kwenye mabwawa na maziwa madogo ya bonde la Upemba, yanayoyapokea kama ghala na kuyaachia kidogo kidogo, kule Ankoro huongezewa Luvua, unaotoka ziwa Mweru, na baada ya Kabalo huongezewa Lukuga, unaotoka ziwa Tanganyika. Kwa kawaida mto hujaa kabisa Aprili au Mei, halafu hushuka taratibu hadi Septemba na Oktoba, wakati ambapo mvua za kwanza zimekwisha kuanza kunyesha juu ya mji. Anayepanga safari kwa kuangalia mawingu hukwama mchangani akiwa ameloa.

Huo Lukuga una kisa chake, ambacho hakina budi kutajwa kwa kuwa mtazamaji wa Kasongo huyaona maji ya Tanganyika bila kujua. Mwezi Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliona ziwa likitokea kwenye Lukuga, akatangaza kwamba hapo ndipo mlango wake. Henry Morton Stanley alipofika 1876 alikuta matope na majani yameziba, maji hayatembei, akapinga. Wote wawili walikuwa na haki kwa siku yao. Ziwa lilikuwa likipanda. Mnamo 1878 lilivunja kizuizi, na maji yakashuka kwa nguvu kuelekea Lualaba. Tangu hapo kupanda na kushuka kwa Tanganyika kumeendelea kuonekana, kwa kuchelewa, kwenye mawe yaliyo mbali sana na ufuo wa Kalemie.

Baridi ya kiangazi Maniema si ya barafu, lakini ina kazi yake katika utazamaji. Usiku wa Juni na Julai anga huwa wazi, ardhi hupoteza joto lake upesi, na alfajiri hewa huwa na baridi kuliko maji. Mvuke unaotoka mtoni hugandamana papo hapo kuwa ukungu mwembamba, unaotambaa juu ya maji kwa kimo cha mtu, mara nyingi pungufu. Jambo hilohilo hutokea kwenye mto Saint-Laurent huko Kanada, ambako Wakongomani wengi waliohamia Montréal wanaujua mwezi wa Januari: hewa imeshuka nyuzi 20 chini ya sifuri, maji yaliyobaki wazi katikati ya barafu ni ya nyuzi sifuri tu, lakini yana joto kuliko hewa, nayo hufuka. Kanuni ni moja. Kilichobadilika ni mahali ilipo mizani. Mtazamaji wa kule, kama wa huku, huona nusu ya juu ya chombo kabla ya nusu ya chini, na wakati wa ukungu husikiliza zaidi kuliko anavyotazama.

Kusikiliza huko ni nusu ya elimu. Alfajiri hewa baridi hukaa chini na yenye joto kidogo hukaa juu yake, na sauti inayopanda hupindishwa kurudi majini. Ndiyo maana injini husikika kutoka kona ya mto ambayo saa sita mchana ingekuwa kimya. Fundi hutofautisha injini inayosukuma chombo juu ya maji marefu, yenye sauti moja iliyo sawa, na ile iliyoingia maji mafupi, inayoanza kulalamika kama mtu aliyeongezewa mzigo. Makafi nayo yana sauti. Mapigo ya watu waliozoeana huanguka pamoja na huacha nafasi ya kupumua. Mapigo ya kuokoteza huvurugika kila mkondo unapokuwa mkali.

Adhuhuri ya kiangazi ni mbaya kwa kazi hii. Nyasi za nyikani huchomwa, moshi hujaa, jua huwa jekundu saa kumi, na mbele ya moto mwewe hukusanyika kunasa panzi na mijusi wanaokimbia. Moshi huo huficha ukingo wa pili, lakini mwanga wake uliotulia una faida moja: hauakisi sana. Saa nzuri kabisa ni ya asubuhi ukungu ukishaondoka, na ya jioni jua likiwa mgongoni. Mwanga unaokuja ukiwa umelala huonyesha kila mkunjo wa uso wa maji, na mikunjo hiyo ndiyo maandishi yenyewe.

Kabla ya kusoma maji yaliyo wazi, mafundi huwasoma ndege, kwa kuwa ndege ni vipimo visivyodanganya. Yangeyange aliyesimama katikati ya mto anaonyesha kina kwa miguu yake: hapo hata mtumbwi mtupu utagusa. Korongo mkubwa husimama mahali parefu kidogo. Mnandi hupiga mbizi, kwa hiyo huchagua maji yenye kina. Mdiria mweusi kwa mweupe hupigapiga mabawa hewani juu ya samaki wadogo, na samaki wadogo hupenda ukingo uliotulia. Kiboko naye ni kipimo, ingawa cha kuogopwa. Mchana hupenda kusimama au kulala chini ya maji penye kina kinachomfunika bila kumlazimu kuhangaika, na wapiga makafi wanaoliona kundi lake hupita upande wa pili hata kama njia ni ndefu. Mwendeshaji anayeokoa dakika chache kwa kupita kati ya viboko na ukingo wanakolisha hastahili abiria.

Ndege wa kiangazi hasa ni yule ambaye nusu ya chini ya mdomo wake ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini kabisa, mdomo wazi, ule wa chini ukipasua uso wa maji, na unapogusa samaki hufunga. Hutaga kwenye mchanga mtupu wa mafungu yaliyotokeza, katika shimo dogo lisilo na jani wala kijiti, na hutegemea mto uendelee kushuka mpaka makinda yaruke. Mawimbi ya boti iliyopita karibu kwa kasi hutosha kuyasomba mayai. Wavuvi wanaojenga vibanda vya muda kwenye mafungu hayo, wakikausha kambale na ngege juu ya moshi, hujua upande wenye mayai kwa kelele za wazazi. Kwenye mawe yaliyo kati ya mkondo hukaa ndege wengine wadogo, wa kijivu, nao pia hutaga kwenye nyufa maji yakishapungua. Wakihama kutoka jiwe fulani, basi mto umeanza kupanda, na habari hiyo huwafikia watu wa ukingoni kabla ya vijiti vyao vya kupimia.

Kuanzia Agosti kitwitwi huonekana ukingoni, akitikisa mkia kila anapopiga hatua. Wengi wao wametoka kwenye mito ya Urusi na ya nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambayo baada ya miezi michache itaganda. Baadaye kidogo hufuata mbayuwayu, ambao hukaa mpaka Machi au Aprili. Kwa hiyo mito ya barafu na Lualaba vina wakazi wa pamoja: ndege hao huondoka kule kabla mchanga haujafunikwa na theluji, hufika huku mchanga ukiwa umeenea kuliko wakati wowote wa mwaka.

Sasa maji yenyewe. Alama ya kwanza kufundishwa ni ya jiwe lililozama. Maji yanapolifikia hugawanyika, na mistari miwili hufunguka kuelekea chini ya mto, ncha ikibaki juu, penye jiwe. Ncha ikitazama juu, kimbia. Lakini penye mawe mawili, katikati hutokea ulimi laini, mpana juu na mwembamba chini, ncha yake ikielekea kule maji yanakokwenda. Huo ndio mlango, na chombo kinachoshuka hulengwa hapo. Wanaoanza huchanganya alama hizi mbili kwa sababu kutoka ukingoni huonekana ubavuni. Dawa yake ni kutazama povu: hutoka nyuma ya jiwe, halitoki mlangoni.

Mchanga ni mgumu kusomeka kuliko jiwe, kwani jiwe halihami. Fungu lililofunikwa na maji kiasi cha magoti huutetemesha uso wa maji kwa vijikunjo vidogo vilivyosongamana. Upepo nao hufanya vijikunjo vya kufanana navyo sana, na hapa ndipo subira hutenganisha fundi na mwanafunzi. Vijikunjo vya upepo husafiri, na upepo ukikata hufa; vya mchanga hubaki palepale. Kwa hiyo fundi huchagua alama ng'ambo, mti au kichuguu, akangoja pumzi ya upepo ipite. Wapiga makafi wana njia nyingine, isiyopatikana ukingoni: mkondo ukiwa umebeba mchanga mwingi, chembe zake hukwaruza ubao wa mtumbwi kwa sauti ya kunong'ona, na anayeweka sikio karibu na sakafu huisikia waziwazi.

Penye kona, kina huwa upande wa nje, ambako mkondo hula ukingo na kuangusha miti. Upande wa ndani hujenga mchanga. Hayo hujulikana kwa wote. Lisilojulikana kwa wote ni kwamba hatari kubwa haiko kwenye kona, iko kati ya kona moja na nyingine, mahali ambapo njia ya maji marefu inavuka kutoka ukingo huu kwenda ule. Pale katikati mkondo hutawanyika, hupungua nguvu, na huangusha mchanga wake. Vyombo vingi vinavyokwama wakati wa kiangazi hukwama kwenye vivuko hivyo, na fundi akiviona vinakaribia hapo hunyamaza hata kama alikuwa katikati ya maneno. Uzi wa povu na majani yanayoelea humsaidia: takataka za mto hupenda mkondo mkuu, na njia ya takataka mara nyingi ndiyo njia ya boti.

Kuna pia maji yanayofura kutoka chini na kutanda juu kama sahani pana za kung'aa. Mgeni huyaogopa. Mara nyingi ni dalili ya kina juu ya sakafu isiyo sawa, na chombo kikubwa hupita bila neno. Mtumbwi mwembamba ndio hutikiswa, kwani sahani hizo huusukuma kwa ubavu bila taarifa.

Mtu akishayajua hayo, chombo hujieleza chenyewe. Kinachopanda mto hukaa karibu na ukingo, kikitafuta maji yaliyolegea na yale yanayorudi nyuma ya kila rasi. Mtu wa mbele huwa na upondo, naye husukuma chini. Kinachoshuka huchukua katikati. Chombo kinachopanda kikiwa katikati kina injini yenye nguvu au mwendeshaji asiyejua, na sauti huonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Kinapoingia maji mafupi, wimbi linalokifuata huinuka na kukikaribia, tezi huzama, mwendo hupungua ingawa injini haijapunguzwa. Mwendeshaji mzoefu hupunguza moto kabla ya hapo. Asiye mzoefu huongeza, na tezi huzama zaidi.

Mzigo husomwa ubavuni. Mchele wa Kasongo, zao lililoletwa na Waswahili na Waarabu wa karne ya 19 na ambalo bado ni sifa ya nchi hii, hupangwa kwa magunia na hukaa chini kabisa. Mafuta ya mawese katika madumu huwekwa katikati. Karanga, mihogo mikavu na samaki wa moshi hupanda juu. Katika safari ya kurudi huonekana chumvi, sabuni, vitambaa na vipuri vya baiskeli. Fundi hatazami tu maji yamefika wapi kwenye ubao. Hutazama kama yamefika sawa mbele na nyuma. Chombo kilichopakiwa vizuri huinamia tezi kidogo. Kilichoinamia omo, kikigusa mchanga wakati wa kushuka, hushikwa pua, mkondo hukamata tezi na kukigeuza ubavu, na hapo maji huingia. Ajali nyingi za mtoni husemwa kuwa ni za mkondo. Ukweli ni kwamba zilianza saa kadhaa kabla, wakati wa kupakia.

Vyombo vyenyewe ni vya aina chache. Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mti mgumu kama mvule, kwa shoka na kisha tezo. Hupewa umbo la kwanza palepale mti ulipoanguka, huburutwa juu ya magogo hadi majini, na humaliziwa huko. Ubao wa chini huachwa mnene, mbavu hupunguzwa. Mtumbwi uliochongwa vizuri husimama wima ukiwa mtupu. Uliochongwa vibaya huegemea upande mmoja maisha yake yote, na watu wa ukingoni huutambua kwa mbali kama wanavyomtambua jirani yao anayechechemea. Balenyeri ni kubwa zaidi, ya mbao zilizopigiliwa misumari na kuzibwa nyufa, yenye paa la turubai na injini ya dizeli. Kati ya hivyo viwili kuna mtumbwi mrefu uliofungwa injini nyuma, chombo cha wafanyabiashara wenye haraka. Katika mikono yenye kafi, Wagenya ndio wenye jina. Ni watu wa mto kwa asili, wavuvi na wavushaji, na mpiga kafi wao anayesimama wima kwenye tezi, akielekeza na kusukuma kwa pigo moja, ni jambo la kutazamwa hata na asiyejua lolote kuhusu maji.

Historia ya nchi hii iliwahi kuning'inia kwenye mikono hiyo zaidi ya mara moja. David Livingstone, baada ya kuugua kwa miezi mingi huko Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Alitaka kujua kama mto ule mpana ulikuwa Naili. Kwa zaidi ya miezi mitatu aliomba mitumbwi, asipate. Tarehe 15 Julai, watu wenye bunduki walilifyatulia risasi soko la Nyangwe. Wanawake wengi waliokuja sokoni kwa mitumbwi walikimbilia kijito ilikoegeshwa, ikasongamana, isitoke. Mamia walikufa, kwa risasi na kwa maji. Livingstone aligeuza njia akarudi Ujiji. Cameron alifika Agosti 1874, katikati ya kiangazi, akatazama kama fundi: mto uliopungua ulibeba bado maji mengi kuliko Naili ya Gondokoro, na kwa vipimo vyake Nyangwe ilikuwa chini kuliko Gondokoro. Maji hayapandi mlima, haukuwa Naili. Naye hakupata mitumbwi, akaondoka pamoja na Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, kisha akashika njia ya nchi kavu hadi Atlantiki. Stanley aliuona mto Oktoba 1876, kwenye makutano yake na Luama, akiwa na boti yake ya vipande, Lady Alice, iliyobebwa mabegani. Aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba akisindikizwa na Tippu Tip, na Agosti 1877 alikuwa Boma, karibu na bahari. Hata yeye, kwa watu wake wote, ilimlazimu kutafuta mitumbwi ya wenyeji. Na mwanzoni mwa 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo, chini ya kamanda Dhanis, yalikaa wiki kadhaa ng'ambo ya Nyangwe bila njia ya kuvuka mto uliojaa, mpaka Wagenya walipoyavusha mwezi Machi. Kasongo ilianguka Aprili. Vitabu vimehifadhi majina ya waliovushwa. Ya waliovusha hayakuandikwa.

Utawala wa Kibelgiji ulijaribu kuukwepa mto badala ya kuujua. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa 1902, ilifungua njia ya Stanleyville (Kisangani ya leo) hadi Ponthierville (Ubundu ya leo) mwaka 1906, na baada ya miaka michache ile ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355 hivi, ukingo wa magharibi. Mwaka 1915 reli ikafika ziwa Tanganyika. Mizigo mikubwa ikapanda gari-moshi, na kipande cha Kasongo hadi Kibombo, kilichokuwa katikati ya Kindu na Kongolo, kikabaki na vyombo vidogo. Hilo liliunyima mji bandari ya maana. Lakini liliuhifadhi ufundi, kwa sababu pasipo maboya ya kutosha na pasipo ramani za kina zinazosahihishwa kila mwaka, ramani iliyobaki ni macho. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokata reli, watu walirudi kwenye mtumbwi na baiskeli, na ujuzi ulikuwapo.

Kabambare haina meli za kutazama. Nchi ya Wabangubangu ni ya vilima na nyika, na mto wake, Luama, hushuka kutoka milima ya mashariki kwenda kujiunga na Lualaba juu ya Kasongo. Mtazamaji wa huko hutazama vivuko: ni siku gani maji yatafika kiunoni, ni wapi baiskeli yenye mzigo itapita bila kubebwa. Wakati wa kiangazi wanawake huziba vijito kwa udongo, huyachota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki topeni, na wanapochagua kijito cha kuzibwa hutumia elimu ileile ya kusoma mkondo. Luama pia hutuma habari. Maji yake hubadilika rangi baada ya mvua ya milimani, na rangi hiyo, ikionekana ikitembea ubavuni mwa Lualaba bila kuchanganyika, huwaambia watu wa Kasongo kwamba mvua zimefika mashariki.

Huko Kanada, kwenye Saint-Laurent, meli zipo tele: rubani wa mto hupanda meli za baharini pale Les Escoumins, kwa kuwa kwa kawaida nahodha wa bahari haruhusiwi kuupanda mto peke yake. Na tangu 1964, Helga Dan ilipofika Montréal mwanzoni mwa Januari, meli hupita majira yote ya baridi, zikifunguliwa njia na meli za kuvunja barafu. Nahodha wa meli ya kwanza kufika mwaka mpya hupewa fimbo yenye kichwa cha dhahabu, desturi iliyoanza 1840. Watazamaji wa kule leo huangalia kwanza simu, inayowaambia jina la meli, bendera yake na mwendo wake. Vyombo vya Kasongo havitoi ishara hizo. Simu za Kasongo hufanya kazi nyingine: mtu wa kijiji cha juu humpigia ndugu yake wa bandarini kwamba boti imepita, kama zamani ngoma za mbao zilivyofanya. Bado ni lazima atokee mtu wa kusema kama kivuko cha mchanga kitaipitisha.

Mtu huyo hufunzwa kwa kukaa omo. Kijana hupewa upondo uliotiwa alama, huuchovya na kutangaza kina, pigo kwa pigo, huku mwendeshaji akilinganisha namba na uso wa maji alioutazama kabla. Kwanza kijana hutangaza tu. Baadaye huulizwa atabiri kabla ya kuchovya. Anapokosea hucheka wote, naye pia. Baada ya misimu michache hukabidhiwa chombo kitupu cha kushusha, kisha chenye mzigo, kisha chenye watu, na mpangilio huo haubadilishwi hata kwa mtoto wa mwenye boti. Kusafiri usiku hufunzwa mwisho au hakufunzwi kabisa. Wanaosafiri usiku kwa ajili ya kukwepa ushuru au kuwahi soko hutegemea bahati tu, na ufundi hauna la kuwasaidia.

Novemba mto hupanda. Alama za kiangazi huzama moja moja: mafungu kwanza, kisha mawe ya chini, kisha yale ya ndege. Wenye busara huwa wamekwisha kuchanja vigogo vya miti ya ukingoni kulinganisha na mawe hayo, ili Machi, maji yakiwa mapana na yote yanafanana, mwendeshaji aweze kupanga mstari kati ya mchanjo na mti wa ng'ambo akajua jiwe liko wapi chini yake. Michanjo hiyo hutiwa upya kila mwaka, Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kiko wazi. Na mti ukiangukia mtoni, jambo la kawaida upande wa nje wa kona, hutafutwa mwingine kabla mvua hazijakolea.